Wimbo Wako Kwenye Redio Yangu Mbovu

Mjukuu wangu mkaidi,

Sisi wazima, ila goti langu tu. Ule wimbo ulionitumia niujaribu kwenye redio yangu mbovu, mara ya kwanza besi ilimeza maneno, nikakugombeza. Sasa umeupatia. Nasikia hadi mwimbaji anavyovuta pumzi.

Baba yako, aliyekufukuza kwa sababu ya kazi hiyo ya kutengeneza muziki, alitoka bafuni na povu masikioni.

"Mama, nani kautengeneza huu?"

"Yule uliyesema anachezea vitufe."

Akauanzisha upya. Jioni akawaita majirani. "Sikieni ngoma zinavyompisha mwimbaji. Binti yangu huyo."

Njoo nyumbani. Msamaha hataomba, namjua, nimemzaa mwenyewe. Lakini kitanda chako kakitoa stoo kwa mikono yake.

Bibi yako, nisiyebembeleza mtu