Nguzo Zako Ziko Muyinga

Mjomba Haruna,

Gitega yote sasa inasimama kwa ajili yangu. Usicheke! Toka Nyamugari mpaka njia ya Bugendana, hakuna ghorofa linalopanda kabla watu hawajaja kumtafuta Idi wako, huyu huyu uliyemwita mdomo mrefu, aliyefukuzwa shule kwa kumsahihisha mwalimu hesabu. Mafundi wananiita patron, bosi wao. We walikuita mzee tu.

Bon, nikupe habari. Tangu tukuzike, kibanda kiko palepale, na nguzo zetu za mikaratusi bado nazikodisha kwa wajenzi. Wanazisimamisha chini ya zege la dari, zege likikauka wanazirudisha. Shangazi hajambo. Kofia yako amenikataza kuivaa, anasema kichwa changu kimevimba, itapasuka.

Unakumbuka zile pete? Nguzo ikirudi kutoka nyumba moja, ulikuwa unaipaka pete nyeupe kwa ile brashi yako iliyokuwa karibu upara. Pete zikipanda toka chini mpaka kwenye kiwiko chako, basi, nguzo imezeeka, unaipasua kuni hata mteja akilia machozi. "Mti umefanya kazi yake, uache upumzike." Siku moja ulinipeleka Bugendana, kwenye kilima tulichokuwa tunanunua miti zamani. Ukasema, "Idi, hesabu yangu iko pale. Kila pete ni mti ambao haukukatwa." Mi nilikuwa na njaa, nilitaka turudi. Lakini niliona. Kilima kilikuwa kimefunga kwa miti, kijani mpaka juu.

Sasa sikiliza. Alikuja dada mmoja wa mradi, anapima faida ya kukodisha vitu badala ya kununua: miti mingapi imebaki, moshi kiasi gani haukwenda hewani. Ana akili yule, Mjomba, mngegombana mpaka jioni mkafurahi wote wawili. Akaniuliza nguzo moja inashika nyumba ngapi kabla ya kufa. Tena akanionya nisijisifu haraka, maana nguzo ikipanda lori mpaka Muyinga, lori nalo linakula faida ya ule mti. Na ikivunjika katikati ya kazi, faida imekwisha, mwingine utakatwa.

Akataka kuziona pete.

Pete hazikuwepo. Nilikuwa nimezipaka nguzo zote buluu, juu mpaka chini, zipendeze, mtu azione kwa mbali ajue ni za Idi. Basi nikamtajia hesabu ya kichwani, nene, nzuri. Akaandika. Akasema ni kubwa kuliko zote alizopata. Yoo, Mjomba, siku ile nilitembea Nyamugari kama bwana harusi.

Ndipo akaja fundi Evariste kutoka Muyinga. Anamjengea Mama Zaituni, mjane anayeuza maandazi, duka lenye chumba juu. Nikampa nguzo, zege likamwagwa. Halafu mvua ikaanza, na haijaacha, zege halijakauka. Juzi akanipigia: "Sha, ndugu yangu Idi, nguzo zako zinalia." Nikamjibu zina hamu ya nyumbani, ni watoto wa Gitega. Tukacheka. Akasema Mama Zaituni ameshahamishia jiko lake chini ya lile zege, maana pale tu ndipo pakavu, na watoto wanalala kwenye magunia kando ya moto.

Jana nimempigia, simu haipiti. Leo asubuhi, haipiti.

Nakuandikia hapa parking, gari la Muyinga halijajaa. Upande ninaokwenda mbingu imekuwa nyeusi kama tako la sufuria. Kondakta ananichokoza, eti leo patron amemeza ulimi? Nimemlipa nauli bila hata kubishana bei. Mimi!

Nakuahidi, Mjomba, nikifika nitamtoa yule mama na wanawe kwanza, hata kwa kuwabeba. Tena nitamwambia yule dada afute hesabu yangu. Mungu akulaze pema. Na kama huko mnasikilizwa, waombee watu wa Muyinga leo, mimi niombee kesho.

Ila jambo moja sijamwambia mtu. Siku ya kupakia mzigo wa Evariste, nguzo zilizo nzima zilikuwa zimeshachukuliwa hapa mjini, na nikaona aibu kusema patron hana. Nikazigonga zilizobaki kwa nyundo kama ulivyonifundisha. Iliyo nzima hujibu kama kengele. Hizi zilijibu chini chini, kama kifua cha mtu anayekohoa. Nilizisikia vizuri kabisa. Nikapakia. Evariste akaniuliza, "Nani amezipima hizi?" Nikamwambia ni wewe, moja moja, kwa mkono wako, kabla hujafa. Akakuombea rehema, na hakuongeza hata nguzo moja ya tahadhari.