Salamu Niliyokupokelea Njiani

Baba,

Mjukuu wako sasa hivi amekaa ndani ya karai la dagaa wa shangazi. Amekaa kabisa, na gauni lake la safari, anawatazama kuku kama mwenye nyumba. Nimemtoa, nimemfuta, amerudi. Nimemwacha. Tumefika salama, na leo sina nguvu ya kugombana na mtu.

Anaitwa Kabula. Ulipoondoka alikuwa tumboni na sikuwa nimekwambia, niliona aibu.

Tumekuja Kalemela kwa baiskeli mbili kutoka Bariadi, kama ulivyokuwa unaniahidi kwamba iko siku utanileta kwa dada yako, kwa kukanyaga. Baba Kabula alipakia nguo, sufuria na mchele. Mimi nilimpakia mtoto kwenye ile nyeusi yako. Lakini njia tulibishana siku tatu. Siku hizi kuna lami mpaka barabara kubwa ya Mwanza, baiskeli inateleza yenyewe. Mwenzangu alitaka hiyo, haina tope na tungefika siku hiyo hiyo. Nikakataa. Lori la pamba likikupita upepo wake unakuvuta, usukani unacheza, na nyuma yangu kuna mtoto. Akasema, "Sawa, tupite njia yako ya vumbi. Mvua ikitukuta mbugani na mtoto, mimi sitasema neno."

Hapo ndipo niliogopa, Baba. Angegomba ningejibu. Kunyamaza je?

Tulilala njiani kwa ndugu zake na mvua ikanyesha. Asubuhi njia ilikuwa nyeusi, inang'aa. Na kweli hakusema neno. Nilikanyaga huku namwomba Mungu, nasikia mtoto anaimba nyuma yangu, nikajiona mjinga mwenye kichwa kigumu.

Halafu zile salamu. Unakumbuka ulivyokuwa unanishusha kwa kila mzee tunayekutana naye, nichuchumae, nisubiri mpaka amalize kuuliza habari za ng'ombe na za mvua? Nikikuuliza kwa nini tusipige kengele tukapita, unasema, "Kengele siyo salamu." Kwenye lami hakuna wa kukusalimia. Huku nilikuwa nimeshashuka mara sijui ngapi, magoti yanauma, nikamwona mzee mwingine anachunga ndama. Nisikudanganye, nilitaka kupita. Miguu ikashuka yenyewe. Nikachuchumaa, nikamwamkia Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Akauliza natoka wapi, mimi wa nani. Nikataja jina lako. Akaangalia magurudumu yetu, akaangalia mtoto.

"Mayu, mama yangu, usiingie mbugani na huyo. Trekta limelala huko tangu jana. Panda huku kwenye minyaa, juu ni mchanga mtupu."

Tukapanda. Magurudumu yakazunguka safi, hayashiki kitu. Tulipofika juu tukaliona trekta chini kule, limezama mpaka tumboni. Baba Kabula akasimamisha baiskeli. Akaangalia weee. Ndipo akasema neno lake: "Shikamoo, mama Kabula."

Nikacheka, halafu nikalia. Nikasema ni vumbi limeniingia. Akaniuliza vumbi gani na mvua yote ile. Kifua changu kikawa chepesi, Baba, tangu tukuzike sijakisikia hivyo.

Ila kuna jambo. Yule mzee alikufahamu, mlikuwa mnauza pamba pamoja. Aliniuliza kama baba yangu hajambo, nikajibu, "Mhola duhu." Ni mzima tu. Lilitoka lenyewe, kama tunavyojibu siku zote, na nikashindwa kulirudisha. Akafurahi. Akakutumia salamu. Ndiyo maana nimetafuta kalamu, maana salamu ya mtu haikai mfukoni.

Basi ipokee, na yangu pia. Pumzika, usituwaze. Nakuahidi tukirudi tutapita njia ile ile, hata mume wangu amekubali, na yule mzee nikimkuta nitashuka, nitachuchumaa, nitamweleza taratibu kwamba wewe, Baba, uli

Ngoja, shangazi ananiita, nitamalizia.