Kompyuta ya Marehemu Inachoma Kuliko ya Rafiki Yake

Mpendwa Shangazi Bathsheba,

Nakuandikia nikiwa nimechoka kabisa, nisaidie kabla sijafunga duka la mume wangu hapa Ekerenyo, maana sioni njia nyingine.

Mume wangu Mokua, tuliyemzika wakati wa mvua za masika, alikuwa na duka la kuchapa na mtandao, na kompyuta yake aliipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe wao, na rafiki yake Shueib anayeuza kompyuta Kisii mjini kila akija walibishana kuhusu prosesa, kile kidude cha ndani kinachofanya hesabu zote, kwa kuwa ile ya Mokua ni ya kampuni moja na Shueib huuza za kampuni shindani. Shueib anasema, "Mzee, hiyo si kompyuta, ni jiko. Leta sufuria." Mokua anamjibu, "Yako ni baridi kwa sababu inalala. Anayelala hatoki jasho." Wanacheka mpaka wateja wanasahau walichokuja kuchapa. Asubuhi za baridi Mokua alikuwa akiweka soksi za mtoto wetu Linda nyuma ya kompyuta, pale hewa ya moto inapotokea, halafu anamvalisha zikiwa na joto.

Siku za matanga nilifuma kitambaa cheupe chenye maua, nikaifunika kompyuta yake yote, mbele hadi nyuma, vumbi lisiiguse, na sijawahi kukitoa, naitumia hivyo hivyo. Shueib akaniletea moja ya zake nijisaidie, nikaiweka kando yake vile vile ilivyokuja. Basi nimezilinganisha kwa mkono wangu mwenyewe, Shangazi. Ya Shueib ina uvuguvugu tu. Ya Mokua inachoma, feni inalia, halafu inajizima. Juzi ilijizima tukiwa katikati ya kuchapa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja, na watu wake wakasimama wakiniangalia, kisha wakavuka barabara kwenda duka lingine, na ni hiyo hiyo kompyuta iliyochapa ratiba ya Mokua wangu bila kusita.

Shueib alipokuja akaniomba, "Shemeji, niruhusu niifungue niangalie ndani." Nikamwambia, "Unataka kumshinda mtu asiyeweza kukujibu?" Aliacha chai yake nusu akaondoka, na hajarudi.

Sasa nikiiuza, nitakuwa nimekubali mbele ya watu kwamba Mokua alikosea. Nisipoiuza, wateja wataisha na Linda atakula nini? Kuna wakati naweka tu mkono pale nyuma, nafumba macho. Ndilo joto pekee lililobaki. Nifanye nini?

Nyanchera, Ekerenyo


Nyanchera, pole. Hiyo soksi imenishinda, imebidi niweke barua yako chini kwanza.

Lakini sasa nisikilize, maana nitakugombeza. Umelinganisha nini na nini? Moja umeivisha blanketi, nyingine iko wazi, halafu unatoa hukumu! Hata wewe ukifunikwa pua na mdomo utachoma kisha utazimika. Sisi hufunika kila tunachokipenda kwa vitambaa, makochi, redio, televisheni, lakini kompyuta hupumua kwa matundu yake, na wewe umeyaziba kwa upendo. Mokua hakuifunika. Ndiyo maana soksi zilipata joto.

Na acha kuhukumu kampuni nzima kwa mashine moja. Kampuni ile ile hutengeneza prosesa za moto na za baridi, kama mama mmoja anavyozaa mkali na mpole. Joto hutegemea aina yake na kazi inayoifanya.

Kwa Shueib umekosea. Hicho kitambaa lazima alikiona, ila nani angethubutu kumvulia mjane kitambaa cha matanga? Aliomba kwa adabu, ukamfukuza. Naye amefiwa, Nyanchera. Hana tena wa kubishana naye.

Usiuze kitu bado. Toa kitambaa leo, kitandike kwenye kiti cha Mokua. Mpigie Shueib, mwombe radhi, aje aifungue, apulize vumbi, apake upya ile dawa inayokaa kati ya prosesa na chuma kinachoipoza. Kisha ziwekeni meza moja, zote wazi, mzipe kazi moja, ndipo muweke mikono. Ya Mokua ikizidi kuzimika, ipumzishe nyumbani na duka liendeshwe na ya Shueib. Mtoto kwanza. Na kama alikosea, alikosea kuhusu mashine tu. Zile soksi zilikuwa na joto kweli, na Linda anajua.

Huenda pia ikapona na bado ikabaki ya moto kidogo kuliko jirani yake. Shueib atacheka, atakuambia ulete sufuria. Usilie siku hiyo. Jibu unalo, na sasa ni lako kulisema: mwambie anayelala hatoki jasho.