Tundu Namba 206

Papa Ilunga,

Ulifariki Jumanne asubuhi, wiki sita zilizopita, na siku hiyo nilipoteza mtu pekee katika Johannesburg hii aliyeweza kuniambia "bomoa, anza upya" na bado nikamshukuru.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za dharura, ghorofa ya tatu, hosteli ya wanafunzi tuliyoifanyia kazi hapa Midrand. Ni mapumziko ya mchana. Wapaka rangi wamekwenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate. Mimi nimebaki na daftari lako mapajani, maana lina jambo linaloninyima raha, na wa kumwuliza ni wewe tu.

Kwanza habari za nyumbani. Mkeo Mama Bea hajambo. Saluni ya La Rochelle ameifungua tena, anasuka, ila redio haiwashi. Siku ya mazishi Wakongo wenzako waliimba, sisi Watanzania tukapika pilau, sufuria tatu, hazikubaki hata ukoko. Akasimama mlinzi mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Akasema miaka kadhaa nyuma ulimkuta ameuegemeza mlango wa kuzuia moto kwa tofali ili upepo upite, na badala ya kumgombeza ulimkalisha chini ukamweleza nusu saa nzima. "Lile tofali nililitupa siku ileile," alisema. Nikalia hapo, si kaburini.

Lakini nina kinyongo, acha nikitoe. Wiki jana wenye jengo walifanya sherehe ndogo. Wakashukuru wa vigae, wakashukuru wa rangi, wakamshukuru hata aliyepanda maua getini. Kila bomba na kila waya unaopenya ukuta wa kuzuia moto humu ndani umeacha tundu, na matundu hayo ni mia tatu na kumi na nane. Nusu yake uliyaziba kwa mikono yako, nusu nyingine niliyaziba mimi ukinisimamia kichwani. Jina lako halikutajwa hata mara moja. Najua ungecheka. Ungesema lile neno lako: "Kazi yetu ikionekana, juwa kuko kitu imeungua." Sawa. Wewe cheka. Mimi bado siwezi.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa mfagiaji, nimetoka Tanga na begi moja na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekitaka. Ulikuwa unabishana na mchora ramani chini ya dari lililo wazi, yeye anasema matundu arobaini na nne. Ukanigeukia, sijui kwa nini: "Mama, weye unapitaka hapa kila siku. Matundu ngapi huku juu?" Nikasema arobaini na sita, na mawili aliyoyaacha yako nyuma ya bomba la maji machafu. Ukapanda ngazi, ukahesabu, ukashuka. Hukunisifu. Ulininyang'anya ufagio tu. Kesho yake nilikuwa na kofia ngumu, na leo nina kampuni yenye jina langu ubavuni mwa gari. Watu huniuliza nilianza na mtaji gani. Nilianza na arobaini na sita.

Ulinifundisha kuzima taa chumbani, kuweka tochi upande wa pili wa ukuta, na kusubiri macho yazoee giza. "Mwangaza ikipita, moshi nayo itapita. Moshi haiombake ruhusa." Nilikuwa nakutania kwamba Kiswahili chako cha Lubumbashi kimetoboka kuliko ukuta wenyewe, nawe unajibu, "Basi weye unizibie, Ma Zuhura." Mara moja tu, tukiwa tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, gari limezimika, uliniambia kwa nini ulizichukia nyufa kiasi kile. Jengo ulilopanga ulipofika mjini liliwaka jiko ghorofa ya pili. Waliokufa walikuwa wa ghorofa ya sita. Ulimbeba jirani yako mgongoni mpaka chini ukidhani amezimia. "Hakuungua hata unywele moja," ulisema, kisha gari likawaka, tukaenda kazini, na hatukulizungumza tena.

Ndiyo maana tundu namba 206 linanisumbua hivi.

Kila tundu katika daftari lako lina picha mbili, moja kabla ya kuzibwa na moja baada. Ni sheria yako. Nimekagua kurasa zote mara tatu. Matundu 317 yana picha zote mbili. La 206, bomba la plastiki linalotoka jiko la wanafunzi kuingia ukuta wa ngazi hizi nilizokalia, lina picha ya kabla, na pembeni alama yako ya vyema kwa kalamu nyekundu. Picha ya baada haipo. Tarehe ni ya siku moja kabla hujapelekwa hospitali. Na dari limeshafungwa, limepigwa plasta na rangi, jeupe kama sahani.

Nimejaribu kukutetea kwa hesabu. Bomba la plastiki linahitaji ile kola ya chuma, ambayo ndani ina kitu kinachovimba kwa joto na kulikaba bomba linapoyeyuka. Zililetwa kola sitini. Daftari linasema zimefungwa hamsini na nane, pamoja na ya 206. Stoo zimebaki mbili. Hesabu imekubali, nikashusha pumzi.

Kisha Mama Bea akanipa mkoba wako wa kazi. Ndani, chini ya kopo la chakula, mna kola moja, mpya, bado iko kwenye nailoni yake.

Sasa niambie. Siku zote ulitembea na kola ya kufundishia. Ulikuwa unaitoa hata kwenye foleni ya benki, unamwonyesha mtu asiyekuuliza, na akivutiwa unamwachia, halafu unajitafutia nyingine. Kama hii ndiyo ya kufundishia, 206 limezibwa na mimi nakuomba radhi. Kama ni ya mzigo huu, basi zimefungwa hamsini na saba, wewe uliweka vyema kwanza ili ufunge kesho yake, na kesho yake hukuweza kupanda ngazi. Uliniambia ni mafua, Papa. Mafua! Ningepanda mimi.

Meneja wa hapa anataka saini yangu Ijumaa saa nne, wanafunzi wanahamia Jumatatu. Nimemwambia nitakata dari kwanza. Akaguna: "Eish, sister. Ukiikuta, dari utalilipa wewe. Usipoikuta, kila mtu atajua mzee wako alikuwa anaweka tiki za uongo. Weka saini, tumheshimu marehemu." Anajua pa kunichoma. Maana akisoma alama moja ya uongo, ataanza kuzitilia shaka zote mia tatu na kumi na nane, na miaka yako yote itaishia kuwa hadithi ya mzee mgonjwa aliyechanganyikiwa.

Niliyawaza maneno yake siku mbili. Nikakumbuka mara ya kwanza niliposaini kazi yako bila kuikagua kwa sababu ni yako. Uliichana ile karatasi mbele yangu. "Usiamini kinywa yangu. Amini macho yako." Nilikasirika wiki nzima. Basi heshima yako naijua ilivyo, na haifanani na ya meneja. Ni msumeno.

Naahidi hivi. Nikikuta tundu wazi, nitaliziba kwa kola iliyokuwa mkobani mwako, nitaandika daftarini kwa mkono wangu kwamba lilikuwa wazi, na kwamba aliyelimalizia ni mimi, na matundu mengine yote nitayapigia tochi mbele ya meneja, moja baada ya jingine, mpaka achoke kusimama. Nikikuta umeziba, dari nitalilipa nikiimba, na kola yako nitatembea nayo hadi foleni ya benki.

Lala kwa amani, mwalimu wangu. Mama Bea nitamtazama, redio yake nitaiwasha mwenyewe. Kwako sina manung'uniko zaidi ya haya, nina swali moja tu, na hujawahi kuniacha na swali mpaka siku ya pili.

Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, nitakuwa juu ya ngazi chini ya 206, msumeno mkononi. Uliziba, au hukuziba? Usinizungushe, Papa. Saa mbili kamili nataka jibu.

Zuhura