Nimemwangusha Kaka Yako

Wifi yangu Skola,

Habari za huko ulipo sizijui, ila za hapa Bugarama ni nzuri, na nimeshindwa kukaa nazo peke yangu. Nimeosha vyombo nikajisemea, huyu asipoambiwa atanisumbua ndotoni. Basi sikiliza. Nimemwangusha kaka yako.

Usicheke kwanza. Ngoja nianzie pale ulipotuacha.

Ulipofariki, wanawake uliokuwa ukitufundisha judo tulitawanyika. Vita vilikuwa vimeanza, wanaume wamekwenda, kila mmoja wetu ana shamba lake na zamu ya shamba la kijiji. Tukabaki mimi na jirani yetu Veneranda, naye alikuja kwa kunihurumia tu. Unajua sikuwahi kumwangusha mtu. Hata wewe ulikuwa ukinilegezea, nami nakusukuma tu kama mlango uliofungwa. Lakini ulipokuwa mgonjwa nilikuahidi kwamba sitaacha mazoezi mpaka nimwangushe mtu aliyenizidi uzito. Ukasema, "Basi hutaacha milele." Homa kali namna ile, na bado ulipata nguvu za kunisema.

Leo nimeikumbuka siku yangu ya kwanza. Ulikuwa umerudi kutoka jeshini umevaa suruali, na mama mkwe hataki hata kukutazama. Ukatandaza majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba, ukasimama mbele yangu, ukainama kwa heshima kama mlivyofundishwa huko. Mimi nikadhani unaniamkia. Nikapiga magoti, nikashusha macho, nikaanza kukuuliza habari za asubuhi, za wazee, za ng'ombe. Ukanikamata ukosi, ukanibiringisha nikiwa bado kwenye ng'ombe. "Wifi," ulisema, "adui hana ng'ombe." Nilicheka huku pumzi sina.

Sasa nikuambie nilichokigundua. Asubuhi moja nilikuwa namweka kitindamimba wangu mgongoni. Unajua tunavyofanya: unainama, unatoa nyonga pembeni, unamvuta mkono, mtoto anapanda mwenyewe. Nikasimama pale, mbeleko mkononi, nimeduwaa. Ndicho hicho ulichokuwa ukikitafuta kwangu siku zote, Skola. Ulikuwa unatuhesabia kijeshi, moja, mbili, tatu, kumbe mwili wangu unakijua tangu nilipozaa. Nikakimbia kwa Veneranda nikiwa bado na mtoto, nikamkabidhi mtoto kwa binti yake, nikambeba Veneranda mwenyewe hivyo hivyo. Akapita juu ya nyonga yangu, akatua kwenye majani ya maharage aliyokuwa anayapura. Alinitukana vizuri, kisha akaenda kuwaita wenzake. Jumamosi iliyofuata walirudi karibu wote.

Halafu Gervasi akarudi kutoka vitani. Mume wangu alirudi mzima wa viungo, namshukuru Mungu, lakini maneno aliyaacha huko. Alikaa mlangoni akinywa rubisi yake ya ndizi, watoto wakimsalimu anaitikia kwa kichwa. Siku alipotuona tukifanya mazoezi ndipo alipofungua mdomo. "Mke wangu habiringishwi kwenye majani," alisema. "Nimeona watu wakianguka, inatosha."

Nilimwonea huruma, na nilitaka kuacha. Nakuambia ukweli. Lakini saa zile za Jumamosi ndizo pekee ninazokukumbuka bila kulia, na nikaona nikiziacha nitakuzika mara ya pili. Nikamwambia, "Baba Domina, njoo unishike. Ukinishinda, naacha kabisa."

Alikuja kwa kunyamazisha ubishi tu. Mama mkwe akatoka shambani na jembe begani, akasimama kutazama. Gervasi akanishika mabega taratibu kama anayeshika chungu. Nikamwambia ashike kiume. Akashika. Unamjua kaka yako alivyo, mlango huu wa nyumba anaingia kwa ubavu. Nikageuka, nikainama, nikatoa nyonga.

Wifi, alipaa. Alianguka chali katikati ya majani na akatulia kimya, amefumba macho. Nikapiga magoti kando yake, nikijua nimemvunja mume ambaye hata vita vilimrudisha mzima. Mama akaacha jembe lianguke. Kisha nikaona tumbo la Gervasi linatikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka kicheko chake kile cha zamani, kile chenye kukohoa katikati, mpaka watoto wakaja mbio kutoka kisimani wakiuliza ni nani amekuja. Hatukuwa tumekisikia tangu arudi. Mama akakaa chini akalia, nami nikalia, na yeye bado anacheka, majani yamejaa kwenye nywele. Akanyoosha mkono nimwinue.

"Tena," akasema.

Sasa anaongea, wifi. Si sana, lakini anaongea, na jana alimkaripia mbuzi kwa sentensi ndefu kabisa. Mama mkwe naye anasema mazoezi haya ni dawa, ingawa suruali yako bado hajaisamehe.

Kaburi lako nimelipalilia, limependeza. Ahadi yangu ya kwanza imetimia, kwa hiyo nakupa nyingine: sitaacha mpaka magoti yakatae, na kila msichana nitakayemfundisha hapa atajua ni Skola aliyenifundisha mimi. Nakupenda. Pumzika kwa amani, ulale bila wasiwasi juu yetu.

Ningeandika zaidi, ila kaka yako ananiita huko nyuma ya nyumba. Anasema jua linazama na yeye leo bado hajaangushwa.

Wifi yako,
Felista