Nyota ya Nne

Jumapili, 6 Oktoba

Mashine imekata uzi tena kabla ya chai. Sindano ya uzi wa kijani. Nimeibadilisha, nimepuliza vumbi, imetulia. Mashine zinanijua. Nimedarizi Dubai, nimedarizi Doha, sasa ni zamu ya Riyadh kubahatika. Darasa la saba na vidole hivi tu.

Kazi mpya: nembo za begani za kikosi cha watu wa setilaiti. Kapteni wao ameleta mchoro mwenyewe hapa dukani, mtaa wa Dira. Kichwa cha kiumbe wa sayari nyingine, kijani, macho meusi kama biringanya, mkono wa vidole vitatu umeshika upanga. Juu yake nyota. Mbili kushoto, moja kulia. Kapteni alipoondoka nikawaeleza wote maana yake. Vidole vitatu ni siri tatu za serikali. Macho hayana kope kwa sababu setilaiti hailali. Nani atanipinga?

Mutiso wa mashine ya pili akacheka hadi akamwaga chai. "Wafula, wewe ukiulizwa maana ya kifungo cha shati utatoa hotuba." Nikamwambia anyamaze, mtu wa Kitui, asituroge. Bosi, Msaudi mwenye duka, akauliza tunacheka nini. Nikamtafsiria kwa Kiarabu changu cha sokoni: huyu kwao ni wachawi, baba, ukimkasirisha utaamka una mkia.

Bosi hakucheka. Hana ucheshi, maskini.

Jumanne, 8 Oktoba

Mchoro ulikuwa umeegemea upande. Nyota mbili huku, moja kule, kama kitanda kilichokatika mguu. Nimeongeza moja kulia. Mutiso alisema tumuulize Kapteni kwanza. Nikamwambia wanajeshi wanajua bunduki, urembo watuachie sisi.

Katoni imejaa jioni. Nembo zinang'aa. Mutiso ndiye mwenye leseni ya udereva, akazipeleka kambini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mutiso anaumwa tumbo. Tuko chumba kimoja huku mtaa wa Sulay, kwa hiyo naumwa naye. Amechemsha mizizi aliyotumiwa na mama yake. Inanuka kama soksi za mlinzi. Iliyobaki ameifunga kwa uzi mwekundu wa dukani akaiweka chini ya godoro. Nimempikia uji, nimemfulia shati. Moyo wangu ni mkubwa kuliko mwili, na mwili wenyewe si mdogo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kapteni amekuja peke yake, bila sare. Aliweka nembo kwenye kaunta, akagusa nyota ya nne. Akauliza: huyu ni nani?

Hakuna aliyemwelewa. Akaeleza polepole. Kiumbe wa kijani ni utani wao tu, kwa kuwa wenzao wa kambini huwaita watu wa angani. Vidole vitatu, mchoraji alichoka kuchora. Hakuna siri. Nyota tu ndizo zina maana. Kila nyota ni mwenzao aliyekufa. Wawili walikufa pamoja, mmoja alikufa peke yake. Ndiyo maana zilikaa vile.

Walizivaa Alhamisi. Ijumaa mmoja wao alipinduka na gari barabara ya Dammam. Anapumua kwa mashine.

Bosi akageuka kumtazama Mutiso. Hakunitazama mimi.

Niliona jambo linavyokuja. Nikanyamaza. Mdomo huu, unaojisifu lugha sita.

Jumanne, 15 Oktoba

Bosi amekuja chumbani na askari. Wamepekua. Wamepata ile mizizi na uzi wetu mwekundu umeizunguka. Bosi akataja sihiri, uchawi. Akawaambia: hata mwenzake alishanionya, huyu kwao ni wachawi. Mwenzake ni mimi.

Hapa hilo si neno la kuchekea. Watu hufungwa kwa hilo. Wengine hupata zaidi ya kifungo.

Mutiso akanitazama. "Waambie, ndugu yangu. Si una Kiarabu?"

Nikasema mafi sihiri, hakuna uchawi, mafi, mafi. Kiarabu chote kilikuwa kimekauka. Wamemchukua na ndala miguuni.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeogopa. Nikisema nyota ni yangu, mchawi nitakuwa mimi. Nina watoto Bungoma. Mutiso pia anao. Nimeketi kwenye kitanda chake, nimekunja shati nililomfulia. Mimi ni mwoga. Nimeliandika ili nilione.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwomba Kapteni tuonane. Amenikubalia, mkahawani, mtaa wa Olaya. Nimemwambia nyota ni yangu. Nimechora kichwa kwenye karatasi ya kufutia mikono, nikachora nyota mbili huku, moja kule. Nikamwambia: tazama, Kapteni, imeegemea. Nilitaka tu ipendeze.

Akauliza habari ya uchawi. Nikasema ni mzaha. Kwetu tunataniana hivyo, watu wa huku na watu wa kule, na hakuna anayekasirika.

"Na bosi wako ni wa kwenu?" akaniuliza.

Kapteni alikunja karatasi akaitia mfukoni. Akasema ataenda kituoni yeye mwenyewe. Hakunipa mkono.

Jumapili, 20 Oktoba

Wamemwachia Mutiso. Wamemtoa kituoni moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Bosi amefuta ikama yake, kibali cha kuishi. Anasema hana kosa, halas, yamekwisha, lakini mtu aliyesemwa hivyo hamtaki dukani. Sikumwona. Nimebaki na viatu vyake.

Mimi napelekwa Jeddah, kwa kaka yake bosi. Ile katoni imerudishwa. Naenda nayo. Nyota zote za nne nizifumue kwa mkono.

Alhamisi, 24 Oktoba, Jeddah

Joto la hapa ni la maji, kitambaa kinanata vidoleni. Nafanya kazi karibu na dirisha. Wembe mdogo, kibanio. Geuza nembo, kata uzi wa nyuma, vuta wa mbele. Uzi unatoka wote. Matundu hayazibiki. Ukiinua nembo kwenye mwanga, nyota bado iko pale.

Yule wa barabara ya Dammam hajaamka. Kapteni amesema hivyo tu nilipompigia.

Mutiso ametuma sauti. Nimeisikiliza chooni, nikaisikiliza tena. "Nimefika. Mama anakushukuru kwa ule uji. Tumbo bado. Wafula, usimwambie mtu tena kwamba mimi ni mchawi." Nyuma yake kuku wanalia, mtoto anamwita.

Viatu nitavituma na mtu anayeenda.

Mafundi wa hapa wamesikia mimi ni mcheshi. Mmoja ameokota nembo, akaniuliza huyu kiumbe wa kijani maana yake nini. Wengine wakasimamisha mashine wasikie.

Nimesema sijui.

Nikachukua nyingine.