Ndama Aliyeufuata Mpaka

Ijumaa, Ikonge. Aprili 1972.

Mvua imenyesha tangu saa sita, chai inang'aa mlimani, nami nimenuna. Nina wivu. Afadhali niandike hivyo hivyo kabla jua halijatua tukaingia Sabato.

Onchari ni ndugu yangu wa baba mmoja. Mama yake ni mke mwenza wa mama yangu. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukaingia chuo kikuu pamoja, na mwalimu wetu wa hesabu alisema atampendekeza mmoja tu kwenda kusoma ng'ambo. Akatupa swali. Kitu kinafuata kanuni moja upande huu wa mpaka na nyingine upande ule, na kila kanuni inakisukuma kuelekea mpakani. Kikifika hapo kinafanyaje?

Nilijibu kwamba kinasimama.

Onchari alijibu kwamba kinateleza kuufuata mpaka wenyewe. Akachaguliwa yeye.

Na jibu alilipata wapi? Kwa ndama wetu! Mashamba ya wimbi ya mama zetu yamepakana. Ndama akitoroka, mama yangu humfukuzia kwao na mama yake Onchari humfukuzia kwetu, wote wakimswaga kuelekea mtoni. Mnyama hasimami. Hushuka akiufuata mpaka hadi majini. Nimeliona hilo tangu utotoni, tena mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kumrudisha.

"Si ndama yenu ndiyo ilinifundisha hii kitu, ndugu!" aliniambia leo akicheka, akinipa karatasi zake za jibu lile nizinakili, maana mwandiko wangu ni mzuri. Jumatatu zinatumwa kwa wakubwa wa ng'ambo watakaoamua kama atakwenda.

Nimezisoma. Amekosea.

Pale mpakani amezichanganya kasi za kanuni mbili nusu kwa nusu, kana kwamba mama zetu hufukuza kwa nguvu sawa. Mama yangu ana fimbo ndefu na hasira zaidi. Kwa hesabu ya Onchari, ndama angeishia ndani ya wimbi la mama yake Onchari.

Nilifurahi jamani, hata nikaimba. Ningelinakili kosa lile kwa mwandiko safi, nani angejua?

Nimelisahihisha. Kwa wino, ukurasa mzima. Sikufanya kwa upendo. Nilishindwa tu kuandika kitu ninachojua si kweli.

Akija kuzichukua atanishukuru, na hapo ndipo nitamchukia kabisa. Kesho nitaketije naye benchi moja kanisani?